Fungu la Nyumbani: Mlo Unaotunza Mwili na Udongo wa Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Januari, barabara za Nachingwea na Ruangwa hupitisha magunia yanayoelekea katika maghala ya vyama vya msingi. Ufuta hutangulia, mbaazi hufuata, korosho huhitimisha. Mnada hufanyika, bei hutangazwa, na fedha huingia katika akaunti za wakulima. Hilo ni jambo la heri. Hata hivyo, ifikapo Januari na Februari, mvua inaponyesha na mahindi mapya hayajakomaa, baadhi ya nyumba zilizouza magunia hayo hubaki na ugali wa sembe na mboga ileile asubuhi na jioni. Chakula kilichokuwa shambani kimekwenda mbali, na kilichonunuliwa badala yake ni haba na duni.

Somo hili linahusu namna ya kuziba pengo hilo. Hoja yake kuu ni moja: kaya inayotenga fungu la chakula kabla ya kupeleka mazao ghalani hulinda afya ya watoto, fedha ya familia na udongo wa shamba kwa wakati mmoja. Jambo hili halihitaji mazao mageni wala fedha nyingi. Linahitaji hesabu, na linahitaji baba na mama wa nyumba kukaa pamoja na kuamua mapema.

Kwa nini jambo hili ni la dharura

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, lakini madhara hayaishii kwenye kimo. Udumavu huathiri ukuaji wa ubongo, uwezo wa kujifunza darasani, na baadaye nguvu ya kufanya kazi. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea ndani ya siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuyarekebisha.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba udumavu hupatikana hata katika maeneo yenye mavuno mengi. Tumbo linaweza kujaa huku mwili ukiwa na njaa. Mtoto anayekula ugali na mlenda kila siku hashindi njaa, lakini hapati protini, madini ya chuma wala mafuta ya kutosha kujenga mwili wake.

Makundi sita, na mahali yanapopatikana hapa

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji unagawa vyakula katika makundi sita. Mlo kamili huchota kutoka katika makundi hayo yote kwa siku. Kwa mkazi wa Nachingwea au Ruangwa, karibu kila kundi lina chakula kinachoota karibu na nyumba.

Kundi la kwanza ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika: mahindi, mtama, mpunga, muhogo, viazi vitamu, pamoja na ming'oko inayochimbwa porini. Kundi la pili ni vyakula jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta: mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta na korosho. La tatu ni vyakula vya asili ya wanyama: mayai, kuku, dagaa, samaki, maziwa na nyama. La nne ni mbogamboga: kisamvu, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, mlenda na mnavu. La tano ni matunda: maembe, mapapai, mapera, machungwa, ubuyu, ukwaju na mabibo. La sita ni mafuta yenye afya, ambayo hutumika kwa kiasi kidogo.

Msomaji akilitazama kundi la pili kwa makini, ataona kwamba ndilo lenye mazao mengi zaidi ya biashara katika wilaya hizi. Kwa sababu hiyo, ndilo kundi linalotoka nyumbani kwa kasi kuliko mengine. Mkulima hulima protini kwa jasho lake, huiuza yote, kisha hubaki na kundi la kwanza peke yake.

Mbaazi: zao lililojulikana kwa soko kuliko kwa sufuria

Mwezi Agosti 2017, serikali ya India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei ikaporomoka katika mikoa ya kusini. Wakulima waliokuwa wamepanua mashamba kwa matumaini ya bei ya msimu uliotangulia walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Soko hilo lilifunguliwa upya mwaka 2021, na leo mbaazi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani.

Tukio hilo lilifundisha mambo mawili. Kwanza, bei inayoamuliwa ng'ambo ya bahari inaweza kubadilika kwa tangazo la siku moja. Pili, mbaazi iliyokosa soko haikukosa thamani yake ya lishe. Kilo moja ya mbaazi kavu ina takriban gramu 200 za protini, mara mbili ya kilo ya mahindi au zaidi. Utafiti kuhusu kaya za wakulima wa mkoa wa Lindi, uliochapishwa mwaka 2020 na kuwashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulieleza kuwa mbaazi ina faida nyingi kama chakula, kipato na rutuba ya udongo, lakini bado haitumiki kwa kadiri inavyostahili.

Mbaazi na ugali vina siri nyingine vinapoliwa pamoja. Protini hujengwa na vijenzi vingi vidogo. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kimojawapo ambacho mbaazi inacho kwa wingi, na mbaazi ina upungufu wa kijenzi kingine ambacho mahindi yanacho. Vikikutana katika sahani moja, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Wazee waliopika makande ya mahindi na mbaazi hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao ulikuwa sahihi.

Chakula kinacholisha udongo

Mwaka 2019, tume ya wataalamu 37 kutoka nchi 16, ijulikanayo kama EAT-Lancet, ilitoa taarifa kuhusu mlo unaofaa afya ya binadamu na ya dunia. Walishauri watu wale zaidi vyakula vya mimea, hususan mikunde, karanga, mboga na matunda. Kwa mataifa yanayokula nyama nyekundu kupita kiasi, ushauri ulikuwa kupunguza. Kwa jamii ambazo watoto wake hupata yai au samaki kwa nadra, taarifa hiyo ilitambua kuwa kiasi fulani cha vyakula vya wanyama bado kinahitajika. Hivyo mkazi wa hapa haambiwi aache kuku wake. Anaambiwa asiiache mbaazi yake.

Sababu ipo shambani. Mizizi ya mbaazi ina vinundu vidogo ambamo bakteria huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Majani yanayopukutika huoza na kuwa mbolea. Mzizi wake huingia chini sana, ndiyo maana mmea hubaki wa kijani wakati mahindi yamekwisha kauka. Mabua yake ni kuni. Mkulima anayepanda mbaazi katikati ya mistari ya mahindi huvuna mara mbili katika shamba moja, na msimu unaofuata hukuta udongo wenye nguvu.

Jambo hili linagusa pia misitu. Ufuta hustawi vizuri katika shamba jipya, na baadhi ya wakulima hufyeka pori kila baada ya misimu michache kwa sababu shamba la zamani limechoka na magugu yamezidi. Shamba linalopokezana ufuta, mahindi na mikunde huchoka polepole, na haja ya kufyeka hupungua. Pori linalobaki ndilo linalohifadhi vyanzo vya maji, asali na ming'oko. Kwa ming'oko, mchimbaji mwenye busara hufukia shimo na kuacha sehemu ya mmea ichipue tena.

Nachingwea ina kumbukumbu yake kuhusu kilimo kisichosikiliza udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa na uhaba baada ya vita. Matrekta yaliletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka huko hadi Nachingwea. Mvua na udongo havikuchunguzwa ipasavyo. Mapema mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36, na reli iling'olewa miaka ya 1960. Wakulima wadogo waliendelea kupanda karanga kwa kuzichanganya na mazao mengine, na karanga haijatoweka hadi leo. Miongoni mwa aina bora zilizotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mkoani Mtwara, ipo inayoitwa Nachingwea 2009.

Hesabu ya fungu la nyumbani

Kaya nyingi hushindwa kutenga chakula kwa sababu hazijui kiasi cha kutenga. Hesabu ifuatayo ni mfano wa kaya ya watu watano.

Mbaazi: gramu 75 za mbaazi kavu kwa kila mtu katika mlo mmoja ni gramu 375 kwa kaya nzima. Zikipikwa mara tatu kwa wiki, ni kilo 1 na gramu 125. Kwa wiki 52 za mwaka, jumla ni takriban kilo 60. Siku nyingine za wiki, kunde, choroko na njugu mawe huchukua zamu.

Karanga: nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa kwa wiki, kwa ajili ya kuunga mboga na uji wa watoto, ni kilo 26 kwa mwaka.

Mbegu: kiasi cha kupanda msimu ujao huwekwa kando, katika chombo chake, na hakichanganywi na chakula.

Hesabu hii inaonesha kwamba fungu la mbaazi la kaya ya watu watano halifiki gunia moja la kilo 100. Kaya iliyovuna magunia matano huuza manne na zaidi. Jambo muhimu ni wakati: fungu hutengwa siku ya kupura, kabla gari la kwenda ghalani halijafika. Fungu linalosubiri kubaki baada ya mauzo, kwa kawaida, halibaki.

Adui wa fungu hilo ni wadudu wanaotoboa punje. Mbaazi hukaushwa hadi punje ivunjike kwa mlio inapotafunwa, kisha huwekwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa na kufungwa vizuri. Wadudu waliomo hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote.

Jikoni: kupika kwa kuni chache

Malalamiko ya kweli kuhusu mbaazi kavu ni kwamba huchelewa kuiva na hula kuni. Dawa yake ni kuloweka. Mbaazi hulowekwa jioni katika maji ya kutosha, asubuhi maji hayo humwagwa, na mbaazi huchemshwa katika maji mapya sufuria ikiwa imefunikwa. Kuloweka hupunguza muda wa moto na pia hupunguza gesi tumboni. Mbaazi zilizokobolewa maganda huiva haraka zaidi na zinafaa kwa watoto. Mbaazi mbichi, zinazopatikana kabla ya mavuno, huiva kwa muda mfupi na hazihitaji kulowekwa.

Zikiiva, huungwa kwa nazi, au kwa karanga zilizosagwa, pamoja na kitunguu na nyanya. Pembeni huwekwa mboga ya majani na tunda. Tunda hapa lina kazi maalumu: vitamini C iliyomo katika embe, chungwa au ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mbaazi na mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, hivyo hunywewa saa moja au mbili baada ya mlo.

Unga nao una somo lake. Mahindi yanapokobolewa kuwa sembe, kiini na ganda huondolewa pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Dona huvibakisha, na mfuko uleule wa mahindi hutoa unga mwingi zaidi.

Mabibo na mboga za kiangazi

Wakati wa msimu wa korosho, mabibo mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Huliwa bichi, hukamuliwa juisi, au hukaushwa kuwa kochoko. Kochoko ikibaki kuwa chakula badala ya kugeuzwa pombe, watoto hupata sehemu yao.

Mboga za majani hujaa wakati wa mvua na kuadimika kiangazi. Majani ya kunde na ya maboga huoshwa, huchovywa kwa muda mfupi katika maji yanayochemka, kisha hukaushwa kivulini au chini ya kitambaa chepesi, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Kaya yenye bustani ndogo inayotumia maji yaliyooshea vyombo hupata mchicha mwaka mzima.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni sumukuvu. Mahindi na karanga zilizoanikwa chini au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu inayodhuru ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mazao huanikwa juu ya turubai au kichanja, na punje zilizobadilika rangi au kuota ukungu hutupwa. Kuzisaga au kuzipika hakuondoi sumu.

Ya pili ni muhogo mchungu. Una sumu ambayo huondolewa kwa kuumenya, kuuloweka kwa siku kadhaa hadi ulainike, na kuukausha kabisa. Njia ya mkato wakati wa njaa ni ya hatari. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu daima, uliripotiwa mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa vizuri.

Sahani ya mtoto

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Baada ya hapo huendelea kunyonya huku akianzishiwa vyakula laini: mara mbili hadi tatu kwa siku katika miezi ya mwanzo, kisha mara tatu hadi nne anapofika miezi tisa na kuendelea. Uji wake hutengenezwa kwa nafaka moja iliyosagwa bila kukobolewa na karanga safi zilizosagwa, kwa uwiano wa sehemu nne kwa moja. Mbaazi zilizoiva sana na kupondwa, yai, au dagaa waliosagwa huongezwa kwa zamu. Mtoto huwekewa sahani yake, ili mlezi aone kiasi alichokula.

Huduma zinazopatikana

Katika kila kijiji hufanyika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu. Watoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono, na wazazi hupewa ushauri na kuoneshwa mapishi. Akina baba wanahimizwa kuhudhuria, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huamua kiasi kinachouzwa. Katika zahanati na vituo vya afya, wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka.

Afisa ugani wa kata hutoa ushauri kuhusu mbegu bora, kilimo mseto na mifuko ya kuhifadhia. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kusindika karanga, kukausha mboga au kuandaa unga wa lishe vinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa kuanzia ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Shule nazo zina nafasi. Wazazi wanapochangia chakula cha wanafunzi, si lazima wanunue maharage yanayotoka nyanda za juu. Debe la mbaazi au kunde kutoka shamba la mzazi linatosha kukamilisha makande ya shule, na fedha hubaki kijijini.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika mkutano wa kijiji

1. Katika siku saba zilizopita, kaya ilikula vyakula kutoka makundi mangapi kati ya sita? Ni kundi gani lilikosekana?

2. Msimu uliopita kaya ilivuna kiasi gani cha mbaazi, kunde na karanga? Kiasi gani kilibaki nyumbani, na kiliisha mwezi gani?

3. Nani katika kaya huamua kiasi cha kuuza? Je, mwenye sufuria huulizwa?

4. Shamba la ufuta la sasa limelimwa misimu mingapi? Ni zao gani la mikunde litakalofuata katika shamba hilo?

5. Shule ya kijiji hupika nini mchana, na ni chakula gani kati ya hivyo kinaweza kutoka katika mashamba ya wazazi wenyewe?